Zebaki Isichomwe Tena Majumbani Mwetu

Vijana wenzangu wa Rwamgasa, kwenye mialo yetu ya kuchenjulia dhahabu, zebaki bado inashikwa kwa mikono mitupu, kisha mchanganyiko wake na dhahabu unachomwa hadharani, pengine uani panapopikwa chakula cha watoto. Wapo wanaosema hofu hii imekuzwa, kwani watafiti waliopima eneo letu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakukuta zebaki ya kutisha katika samaki wa Ziwa Victoria. Ni kweli. Lakini maji ya Rwamgasa hayaendi Ziwa Victoria. Yanateremka kusini-magharibi hadi mto Nikonga, kuelekea Ziwa Tanganyika. Na zebaki nyingi watafiti hao waliikuta papa hapa, kwenye marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua) na udongo wa karibu na mialo, huku wachomaji wa dhahabu wakionesha dalili za sumu. Usalama wa samaki wa Ziwa Victoria haumkingi mtoto wa Rwamgasa. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Unaingia mapafuni, unadhuru ubongo na figo, na kwa mjamzito unamfikia aliye tumboni.

Pingamizi zito ni la riziki: bila zebaki tutakula nini? Hoja hiyo inastahili heshima, maana hakuna anayeichoma kwa kupenda. Hata hivyo, mara nyingi zebaki humpa mchimbaji chini ya nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mawe yake. Dhahabu nyingine hubaki kwenye marudio, ikavunwa na mwenye vati za sianidi. Tunabaki na sumu, mwingine anaondoka na mali. STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ina kituo cha mfano hapa hapa cha kuchenjua bila zebaki. Vikundi vyetu vikidai nafasi na bei inayolipika, njia ipo. Kwa sasa retoti, chombo cha chuma kinachonasa mvuke, inairudisha zebaki itumike tena. Gharama inapungua.

Wengine wataiachia serikali jambo hili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, nasi tuidai utekelezaji. Ila hakuna mkaguzi atakayelala uani kwa kila mtu. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Tujae kwenye mkutano ujao, tupeleke madai mawili: marufuku ya kuchoma dhahabu kwenye makazi, na retoti katika kila mwalo.