Manung'uniko ya Wanaume wa Chuoni

Yako manung'uniko yazungukayo katika vyumba vya walimu, nami nayasikia kila muhula. Husemwa ya kwamba mafunzo ya jinsia na ya kujihami wapewayo wanafunzi wa kike yatutukana sisi wanaume. Ati kila mwenye ndevu amefanywa mwizi kabla hajaiba. Nakiri kuwa mimi nami niliyasema hayo, tena kwa sauti kubwa.

Siku moja niliombwa nimshike mwanafunzi kifundo cha mkono mbele ya darasa. Mkufunzi alimwonyesha kuuvuta mkono upande wa kidole gumba changu, mahali ambapo mshiko wa mtu ni dhaifu. Akachomoka. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana kabla hajachomoka nilimtazama usoni, nikaona kwamba mshiko ule haukuwa mgeni kwake.

Basi nawauliza wanung'unikaji: ni nani aliyewatukana? Mlinzi afungapo lango usiku hamsemi kuwa ametuita wezi. Kufuli si tusi, ila binti akijifunza kuufungua mshiko, heshima yetu yavunjika! Heshima gani hiyo ivunjwayo kwa kidole gumba?

Wengine husema mafunzo haya ni porojo. Huko Kanada, katika vyuo vikuu vitatu, wanafunzi wa kike 893 wa mwaka wa kwanza waligawanywa kwa kura. Fungu moja lilifundishwa kwa saa 12 kuipima hatari, kuitambua hata itokapo kwa mtu wamjuaye (na aghalabu ndiko itokako), na kupambana nayo; fungu la pili lilipewa vijitabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika muda wa mwaka mmoja, waliobakwa katika fungu la kwanza walikuwa kiasi cha 5 katika 100. Katika la pili, kiasi cha 10. Porojo haipunguzi nusu ya msiba.

Lakini hao watano je? Na mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi wa kike alijiua baada ya kuandamwa na wenziwe wa kiume waliojificha nyuma ya jina la Punch. Mkono angaliuvuta, kejeli na vicheko angalivivuta upande gani? Wala hakuna saa 12 za kumwokoa binti na mwalimu ashikaye kalamu ya alama. Kwa huyo kipo kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, kimkatazacho mwenye mamlaka kudai ngono. Sijapata kukisikia kikisomwa katika kikao cha idara yetu.

Hapo ndipo penye manung'uniko yangu mimi: twawafundisha wanaoshikwa, twawaacha washikao. Katika kikao kilichopita nilitaka walimu wa kiume nasi tuandikishwe. Mwenzangu mmoja, msomi hasa, akaniuliza tutakwenda kujifunza nini huko. Nikamjibu, "Kuachia." Karatasi ya majina imebandikwa mlangoni tangu siku hiyo. Mpaka leo ina jina moja.