Askari Aliyejenga Nyumba

Wako watu wadhanio ya kuwa kazi ya askari huisha siku aiwekapo silaha chini. Sivyo ilivyokuwa kwa Hilyard Robinson.

Robinson, mtu mweusi wa Marekani, alizaliwa mjini Washington mwaka 1899. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alitumika Ufaransa katika kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha alijifunza kuchora ramani za majengo, kisha akawafundisha wengine katika Chuo cha Howard.

Siku zile jamaa nyingi za watu weusi wa Washington zilikaa vichochoroni, katika vibanda visivyo na maji. Serikali ilipoazimu kujenga, Robinson aliongoza kuchora ramani. Mwaka 1938 zilifunguliwa nyumba za Langston Terrace, makao ya jamaa 274: za matofali, imara, zenye ua mpana katikati. Na uani ziliwekwa sanamu za wanyama, watoto wapate kupanda na kucheza.

Huenda mtu akauliza, “Sanamu zamfaa nini maskini? Paa halimtoshi?” Halimtoshi. Mnyama hutosheka na kivuli; mtoto wa mtu akikulia mahali pazuri hutambua ya kuwa naye ana thamani.

Robinson alifariki mwaka 1986. Mzinga hubomoa nyumba kwa dakika moja, lakini kuijenga kwataka miaka ya kujifunza. Basi, mwenye kujenga na aheshimiwe kuliko mwenye kubomoa.