Mudharaba Gani Hiyo?

Ndugu zangu, siku hizi kila anayetafuta mtaji wa kujenga nyumba za kupangisha anakuja na lugha hii: "Nipe milioni 10, kila mwezi nakupa laki 3, na mtaji wako haupotei. Ni mudharaba, ni halali."

Mudharaba gani hiyo? Katika mudharaba, mwenye mali anatoa fedha, mwenye kazi anatoa jasho, na faida inagawanywa kwa mafungu: nusu kwa nusu, au theluthi. Hasara ikija bila uzembe wala hiana, ni ya mwenye mali, na mwenzake jasho lake limekwenda bure. Ukishadhaminiwa mtaji na kukatiwa laki 3 zako, wewe umekopesha kwa ziada. Hiyo ni riba, hata mkataba ufunguliwe kwa Bismillahi.

Na jamani, msingi haujachimbwa, mpangaji hajaingia. Laki 3 za mwezi wa kwanza zimetoka wapi? Ni hizo hizo zako, au za aliyeingia jana.

Wanasema, "Riba ni ya benki, sisi tunasaidiana Waislamu." Subhanallah! Mtume (s.a.w.) alipoifuta riba katika Hija ya kuaga, alianza na ya ami yake, Abbas.

Mnataka kujenga? Fanyeni musharaka: aliyetoa robo ya mtaji abebe robo ya hasara. Usiyetaka hasara, mpe mwenzako qardhi hasana, milioni 10 zirudi milioni 10.

Wallahu a'lam.