Mtazame majimoto kabla ya kumpulizia sumu

Miongoni mwa vijana wetu wenye simu nzuri wapo walioanza kujifunza kupiga picha za wadudu kwa karibu sana, zile zinazoitwa picha za makro. Wazazi huuliza: kuna faida gani mtu kupiga magoti nusu saa mbele ya jani? Jumapili hii nawatetea vijana hao, kisha nitawapa onyo moja.

Kazi hiyo ina masharti. Kamera ikisogezwa karibu na kitu kidogo, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba mno: jicho la mdudu likionekana vizuri, mguu wake huwa ukungu. Hata pumzi yako yaweza kuharibu picha. Kwa hiyo anayeanza hufundishwa kulenga jicho, kubana viwiko, kujisogeza taratibu na kutomtupia mdudu kivuli. Hufundishwa pia kutoka alfajiri, wakati wadudu bado ni wazito kwa baridi.

Hapa Unguja mwalimu mzuri ni majimoto, wale chungu wakali wa kwenye minazi na mikarafuu. Wachuma karafuu wanawajua kwa kung'ata kwao, na wengi wetu tukiwaona hutafuta sumu au moto. Lakini watazame kwa lenzi. Utaona wameshikana viuno, mmoja nyuma ya mwingine, wakivuta majani yakutane. Kisha wenzao huleta watoto wao, funza weupe, wamewashika kwa taya. Nao funza hutoa uzi wa hariri unaoshona jani kwa jani. Nyumba ya jamii nzima hushonwa kwa uzi wa wadogo.

Si hilo tu. Karibu na mwaka 1950 mtafiti Mwingereza, M. J. Way, aliwachunguza majimoto hapa Zanzibar. Ikafahamika kwamba mnazi wenye majimoto wengi hukingwa na mdudu anayefyonza nazi changa zikaanguka kabla ya wakati. Mkulima anayewaua kwa sababu wamemng'ata huenda anafukuza walinzi wa nazi zake.

Sisemi kila mdudu aachwe. Mbung'o walioua ng'ombe wetu walimalizwa Unguja katika miaka ya 1990, kazi ikakamilishwa kwa kumwaga kutoka angani madume waliofanywa tasa kwa mionzi. Lilikuwa jambo jema. Lakini hata hao walishindwa na watu waliokubali kwanza kuwajua: wanavyopandana, wanavyozaa, wanakojificha.

Hapo ndipo penye somo. Mara nyingi tunahukumu kwa maumivu tuliyopata, bila kutazama. Mama mkali wa jumuiya, kijana asiyesalimia, mwanakwaya mwenye maneno makali: tumeng'atwa mara moja, hukumu imeshatoka. Hatukuuliza analinda nini, wala amebeba mzigo wa nani.

Kitabu cha Methali, sura ya 6, kinampeleka mvivu akajifunze kwa chungu. Nao jirani zetu Waislamu wana sura katika Kurani yenye jina la chungu, na nyingine yenye jina la nyuki. Basi katika kisiwa hiki tunaweza kuketi pamoja shuleni kwa mwalimu mmoja mdogo.

Sasa onyo langu kwa vijana. Wapo wapiga picha wanaomtia mdudu kwenye friji ili asitembee, au wanaomuua kisha kumpanga kama aliye hai. Picha hutoka safi, lakini inasema uongo, na kiumbe cha Mungu kimeumizwa kwa ajili ya sifa. Asipotulia, ngoja. Akiruka, mwache aende; kesho ni siku.

Wiki hii, kabla hujachukua dawa ya kupulizia, na kabla hujamsema mwenzako, sogea karibu utazame kwanza. Nawatakia Jumapili njema.