Kripto: Serikali Ilitoza Kwanza, Ikalinda Baadaye

Ukinunua kripto hapa Kenya, kuna uwezekano mkubwa pesa zako zitapitia kwenye simu. Unapatana bei na muuzaji mtandaoni, unamtumia shilingi kwa nambari yake, naye anakutumia sarafu. Ukiuza, mambo yanageuka: unatoa sarafu, shilingi zinaingia kwenye laini yako. Kwa hivyo sheria za kripto si habari za wataalamu peke yao. Zinamgusa kila mtu mwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, hata yule ambaye hajawahi kununua Bitcoin ya shilingi mia.

Maoni yangu ni haya. Kwa karibu miaka 10, serikali za Afrika Mashariki zimeonya, zimekataza na zimetoza kodi, ilhali kitu mwananchi alichohitaji ni leseni. Yaani ajue ni nani ameruhusiwa kushika pesa zake, na akidhulumiwa aende kulalamika wapi.

Tuanze nyumbani. Desemba 2015, Benki Kuu ya Kenya (CBK) ilitoa ilani ikisema Bitcoin na sarafu kama hizo si pesa halali nchini, na kwamba ukipoteza hakuna sheria ya kukukinga. Ilani ilikuwa ya kweli, lakini iliishia hapo. Watu waliendelea kununua. Kisha Septemba 2023 kodi ya asilimia 3 ikaanza kutozwa kwa kila mauzo ya mali ya kidijitali. Hebu piga hesabu: ukiuza sarafu za shilingi 10,000, shilingi 300 zinakwenda kwa serikali, hata kama ulizinunua kwa 12,000 na umekula hasara. Kwa maneno mengine, serikali iliyokuambia haiwezi kukulinda ilikuwa tayari kukukata.

Mwaka 2025 mambo yakabadilika. Kodi hiyo ya asilimia 3 iliondolewa, na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada ambayo kampuni inakutoza. Kama ada ni shilingi 100, ushuru ni shilingi 10. Oktoba mwaka huo huo Rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali ya kidijitali, na ikaanza kutumika mwezi wa Novemba. Sasa kampuni ya kripto inatakiwa kuwa na leseni, na wasimamizi ni CBK pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA).

Majirani nao?

Tanzania, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba biashara ya sarafu hizi si halali. Lakini Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya asilimia 3 kwa anayeuza mali ya kidijitali. Mfanyabiashara wa Mwanza aelewe vipi? Kitu kimoja kinakatazwa na ofisi hii na kutozwa kodi na ofisi ile.

Uganda walibana zaidi. Aprili 2022 Benki Kuu yao iliziambia kampuni za pesa za simu na za malipo zisisaidie mtu yeyote kubadilisha kripto kuwa pesa za kawaida. Kesi ilipelekwa Mahakama Kuu, na mwaka 2023 mahakama ikakubaliana na benki. Ninaelewa hofu yao. Mwisho wa 2019 kampuni iliyojiita Dunamiscoins ilifunga ofisi zake nchini humo ghafla, na watu wengi waliokuwa wameahidiwa faida nono wakabaki mikono mitupu. Lakini marufuku ya kupitia simu haimshiki tapeli aliyekwisha kuondoka. Inamfungia njia yule anayetaka kulipa mahali panapoonekana.

Nigeria walishaonja hayo. Februari 2021 benki ziliagizwa kufunga akaunti za watu wanaofanya biashara ya kripto. Watu hawakuacha. Walihamia kuuziana mtu na mtu, mahali ambapo hakuna benki inayouliza swali. Desemba 2023 agizo hilo likalegezwa.

Sasa mbona haraka hii yote ya kuandika sheria? Sababu moja ni FATF, kikosi cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa pesa, yaani kusafisha pesa za wizi, hongo au dawa za kulevya mpaka zionekane safi. Tangu 2018 kikosi hiki kinataka nchi zisimamie kampuni za kripto kama zinavyosimamia taasisi nyingine za pesa. Nchi ikionekana imelegea, inawekwa kwenye orodha ya kijivu. Uganda iliingia 2020, ikatoka Februari 2024. Tanzania iliingia Oktoba 2022, ikatoka Juni 2025. Kenya tuliwekwa Februari 2024, mwezi ule ule jirani zetu Waganda walipokuwa wakitoka.

Usidhani orodha hiyo ni aibu ya serikali tu. Nchi ikiwa humo, benki za nje huuliza maswali zaidi kabla ya kupitisha pesa. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Hizo ndizo karo, dawa, mabati ya nyumba ya mama. Kila swali linaloongezwa njiani linaweza kuchelewesha pesa hizo au kuongeza gharama.

Wengine watasema: leseni ni urasimu, kripto iliundwa ili tusiombe ruhusa kwa mtu. Tena kuna yule kijana ambaye kitambulisho chake bado hakijatoka, na masharti haya yatamfungia nje. Hoja hiyo ya pili ina uzito, na wasimamizi waizingatie wanapoandika kanuni. Lakini tusisahau kwamba sisi Wakenya tumeshalipitia jambo hili. Pesa za simu zilipoanza 2007 hapakuwa na sheria maalum. Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Kitaifa ilikuja 2011. Hata hivyo, CBK haikukataza. Iliruhusu kwa masharti, likiwemo hili kubwa: pesa za wateja zikae kwenye akaunti ya amana benki, mbali na pesa za kampuni. Ndiyo maana bibi kijijini anaweza kuacha shilingi 2,000 kwenye simu na kulala usingizi.

Linganisha na FTX, soko kubwa la kripto lililoanguka Novemba 2022. Pesa za wateja zilikuwa zimetumiwa na kampuni dada kufanya biashara zake. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Urasimu tunaoulalamikia ndio ambao ungewauliza mapema: pesa za watu ziko wapi?

Na kuna hatari iliyo karibu nasi zaidi. Tuseme unauza sarafu za shilingi 40,000 kwa mtu uliyekutana naye mtandaoni. Pesa zinaingia, lakini jina kwenye ujumbe si lake. Anakuambia, "Huyo ni ndugu yangu, ndiye ananilipia." Unamtumia sarafu. Siku mbili baadaye mwenye jina lile anaripoti kwamba ametapeliwa. Aliambiwa atume 40,000 ili apate kazi ya ng'ambo. Polisi wakifuata njia ya pesa, inaishia kwako. Tapeli hawamjui, wewe wanakujua. Sarafu zimekwenda na hazirudi. Shilingi zinaweza kuzuiliwa, na wewe ndiye utakayeulizwa maswali. Watu wa zamani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila lina jina lako peke yako.

Kampuni yenye leseni ingekuwa imemjua huyo mnunuzi kwa kitambulisho kabla hajakufikia. Hiyo ndiyo faida ya yale maswali yanayotuudhi wakati wa kujisajili.

Lakini sheria kwenye karatasi bado si ulinzi. Mwezi ule ule sheria yetu ilipoanza, CBK na CMA walitoa notisi ya pamoja wakisema hawajampa yeyote leseni chini yake. Kwa hivyo ninawaomba wasimamizi mambo matatu: kanuni zikamilike bila kuvutana, orodha ya wenye leseni iwekwe mahali mtu anaweza kuiangalia kwa simu, na iandikwe pia kwa Kiswahili.

Wewe mteja, kabla ya kutuma hata shilingi moja, kagua haya:

1. Anayekuambia ana leseni, usichukue neno lake wala picha ya cheti. Uliza CBK au CMA wenyewe.

2. Jina la anayekulipa liwe ndilo jina la mtu uliyepatana naye. Likitofautiana, usitoe sarafu. Ripoti kwa huduma kwa wateja.

3. Usikubali laini yako itumiwe kupokea pesa za mtu mwingine, hata ukiahidiwa kamisheni. Hivyo ndivyo pesa chafu husafishwa, na jina litakaloonekana ni lako.

4. Ukituma pesa za simu kwa nambari isiyo sahihi, omba zirudishwe mara moja, kwani zinaweza kupatikana kama hazijatolewa. Ukituma sarafu kwa anwani isiyo sahihi, hesabu imeenda.

5. Hifadhi ujumbe wa kila muamala na mazungumzo yenu. Ukiitwa kueleza, huo ndio ushahidi wako.

6. Faida "ya uhakika" kila wiki haipo. Anayeiahidi anakulipa kwa pesa za waliokuja baada yako, mpaka siku watakapoacha kuja.

Mimi sisemi usinunue kripto, na sisemi ununue. Ninasema kwamba serikali iliyokuwa na haraka ya kukata asilimia 3 iwe na haraka hiyo hiyo ya kutuambia nani anaaminika. Mpaka orodha hiyo itoke, mkaguzi wa kwanza wa pesa zako ni wewe, dakika ile kabla hujabonyeza PIN.