Anayeanza Udereva wa Lori Aanzie Karibu na Nyumbani



Wapendwa waamini, kila viazi vinapovunwa katika nyanda hizi za juu kusini, mazungumzo ya vijana wetu hugeuka kuwa ya magari. Fuso zinapanda na kushuka usiku na mchana, na kijana aliyemaliza kidato cha nne akakaa nyumbani miaka miwili bila shughuli ya maana huyatazama yale malori kama mtu aliye jangwani anavyotazama wingu. Ndipo wazazi hunijia wakiwa na swali ambalo sasa nimekwisha kulizoea: "Baba Paroko, mtoto anataka udereva wa lori. Tuuze kile kishamba tumlipie?"

Jibu langu si hapana. Udereva ni kazi ya heshima, na nchi hii hula kwa mikono ya madereva. Isipokuwa mara nyingi nikiuliza zaidi nakuta kwamba kijana hana hamu na lori la hapa. Anataka semitrela, anataka Tunduma na kuvuka mpaka kwenda Zambia na Kongo. Fuso inayotoa viazi shambani na kuvifikisha Makambako, au kenta inayosambaza saruji na mabati vijijini, au tipa la mchanga na kokoto, huliona kuwa kazi ya waliokosa. Na wazazi, kwa bahati mbaya, humuunga mkono, kwa kuwa aliyefika Lubumbashi ana habari za kusimulia, lakini aliyeshinda akibeba matofali hana.

Maoni yangu ni kinyume cha hayo, nami nayasema bila kuuma maneno: anayeanza kazi hii aanzie karibu, katika gari linalolala nyumbani, na akae huko miaka ya kutosha. Akitaka kubaki huko maisha yake yote, asionekane kuwa ameshindwa.

Tutazame kwanza ufundi wenyewe. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma ina kilomita zaidi ya 900, na sehemu kubwa ya safari dereva anafanya jambo moja: anashika usukani na kwenda mbele. Ni kazi nzito, sikatai, na mlima wa Kitonga haumheshimu mtu. Lakini dereva wa lori la karibu, katika siku moja tu, atarudi nyuma katika uchochoro wa shamba ambao kioo hakionyeshi mwisho wake, atapita daraja la miti, atasoma tope la masika na kuamua kama linapitika, atafunga mzigo na kuufungua mara tatu, ataongea na mkulima, dalali, askari na mwenye duka. Mkono hufundishwa na kurudia, na ni nani anayerudia zaidi ya huyo? Kijana anayekosea mita mbili katika uwanja wa soko la mazao atavunja uzio na kuaibika. Kosa hilohilo, akiwa na tani nyingi nyuma yake katika mteremko wa usiku asioufahamu, gharama yake ni nyingine kabisa.

Hapo kwenye mteremko naomba nikae kidogo, maana ndipo vijana wanapofia. Kuna mazoea, ambayo utingo hufundishwa na dereva wake kama siri ya kazi, ya kuachia gari nyutro likishuka mlima ili kubana mafuta. Mwenye gari hufurahi akiona mafuta yamebaki. Lakini gari likiwa nyutro injini hailizuii tena. Uzito wote unashikwa na breki peke yake. Ngoma za breki hupata moto, na breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki, hata ukanyage kwa miguu miwili. Na hayo mafuta yanayobanwa ni kidogo mno, kwa kuwa injini ikiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye pedali, pampu yenyewe hupunguza mafuta karibu kuyakata. Kwa hiyo mtu anahatarisha roho yake, ya utingo wake na ya watoto wanaotoka shule, kwa faida ambayo karibu haipo. Madereva wazee wana kanuni yao: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Ijaribiwe kwanza kwenye vilima vyetu ambavyo kijana anavijua tangu utotoni, kabla ya kwenda kuijaribu Kitonga.

Kuhusu leseni, nitasema kwa kifupi. Daraja la malori ni E, na sheria yetu ya usalama barabarani, ambayo ni ya mwaka 1973 pamoja na marekebisho yake, haikuliweka daraja hilo liwe pambo la pochi. Mafunzo yapo: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Dar es Salaam, na vyuo vya VETA. Mamlaka ya LATRA nayo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina jukumu la kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Mzazi aliye tayari kuuza shamba ahakikishe fedha yake imenunua mafunzo. Ikinunua karatasi tu iliyopitia mlango wa nyuma, amemnunulia mwanawe hatari, na shamba limekwenda.

Wengine huingia kwa njia ya utingo, na sina neno na njia hiyo. Utingo mwenye macho hujifunza mengi: kukagua tairi na nati zake kabla ya jua kutoka, kusikiliza injini, kusubiri geji ya upepo wa breki ipande ndipo gari liondoke, kufunika turubai ili mvua isiozeshe mzigo wa mtu. Ninachokipinga ni ile desturi ya dereva aliyechoka kumwachia utingo usukani usiku bila leseni, eti anamfundisha. Huyo hafundishi, analala.

Sasa nije kwenye viazi, kwa sababu hapa dereva anayeanza atajaribiwa mapema kuliko anavyodhani. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lakini sote tunaijua lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Mkulima anaibiwa, na hilo limesemwa mara nyingi. Ambalo halisemwi ni kwamba dereva naye anadanganywa. Tufanye hesabu. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo hapa Tanzania ilianza kutumika mwaka 2019, ekseli ya mbele ya usukani hairuhusiwi kuzidi tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne haizidi tani 10. Lori la ekseli mbili basi haliwezi kupita tani 18, gari na mzigo pamoja, hata kama mtengenezaji wake hakuliwekea kikomo cha chini zaidi. Tuseme gari tupu lina tani 6. Zinabaki 12, yaani magunia 120 ya halali. Magunia hayohayo 120 yakiwa lumbesa ya kilo 130 kila moja, mzigo ni tani 15 na zaidi ya nusu. Dereva amehesabu magunia na hesabu yake ni sahihi, lakini breki, springi na tairi hazihesabu magunia.

Katika barabara kuu kuna mizani itakayomkamata, Makambako, Wenda, Mikumi na kwingineko. Katika barabara ya kijijini hakuna mizani, kuna dhamiri ya dereva tu, na mara nyingi dhamiri hiyo ina umri wa miaka 22 na inamwogopa bosi. Kijana ajifunze kusema mapema, shambani, kabla ya gunia la kwanza kupandishwa: "Lumbesa sipakii, au nipunguzie idadi." Akinyamaza mpaka gari limejaa, hataweza kusema tena.

Ni kweli kwamba fedha ya safari ndefu ni nzuri zaidi. Posho ya njiani kwenda nje ya nchi haiwezi kulingana na malipo ya tripu za hapa, na baba mwenye watoto wanne halaumiwi akiifuata. Lakini fedha hiyo ihesabiwe pamoja na matumizi yake: chakula cha njiani kila siku, foleni ya Tunduma ambayo imekuwa ikihesabiwa kwa siku na si kwa saa, nyumba mbili za kuendesha kwa mshahara mmoja. Kuna ndoa ambazo nimezifungisha mimi mwenyewe na sasa zinaishi kwa simu. Mke anajua mumewe amefika wapi, hajui anafikiri nini. Mtoto anamwita baba "mgeni", nasi tunacheka. Dereva wa lori la karibu anachelewa, anarudi na vumbi, pengine amepata kidogo, lakini anasaini mwenyewe daftari la mtoto la shule na kwenye msiba wa jirani anaonekana.

Nina neno pia kwa wamiliki, nanyi mnajua kwamba wapo katika parokia yetu, tena baadhi yao ni wakarimu sana kwa michango ya kanisa. Haiwezekani tukamshauri kijana aanzie karibu, kumbe hapo karibu anaponzwa. Kazi hii ya malori ya ndani ndiyo yenye mikataba michache kuliko zote. Kijana anaambiwa "lete hesabu", basi. Akiugua, mwingine anakaa kwenye usukani kesho yake kama deiwaka. Akipasua tairi, anakatwa. Springi ikikatika kwa lumbesa ambayo bosi mwenyewe aliikubali, anakatwa tena, na mwezi unaisha akiwa na deni kwa mtu aliyemfanyia kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda vikubwa pekee. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Inaweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa juma, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kuhusu makato ya uharibifu, inasema ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi na apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasivuke robo ya mshahara wake. Zaidi ya hayo kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, na dereva akivunjika mguu akiwa kazini hana haja ya kuzungushiwa bakuli kanisani. Nimekwisha kulizungusha bakuli hilo zaidi ya mara moja, na kila mara nilijua kwamba tunalipa deni la mtu mwingine.

Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililokuwa likishughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani. Magazeti mengi yalishika zile amri kumi za madereva zilizokuwa ndani yake, wengine wakatabasamu. Sehemu iliyonigusa mimi ni kwamba Kanisa liliwaona madereva wa kazi kuwa kundi la watu wanaohitaji kufuatwa pale walipo. Kwetu hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Wako kwenye kijiwe cha malori nyuma ya soko, Jumapili asubuhi, wakisubiri mzigo, na mwenye mzigo mara nyingi yuko kanisani.

Kwa wazazi waliouliza juu ya kishamba, ushauri wangu ni huu: msiuze chote. Muulizeni kijana kama yuko tayari kukaa mwaka mmoja na dereva mtu mzima, asiye mlevi, katika lori la hapahapa, akipokea kidogo na kulala nyumbani. Akikataa kwa kuwa kazi hiyo ni ndogo kwake, subirini. Akikubali, mlipieni mafunzo, na siku anapopewa ufunguo wa gari la mtu, baba au mjomba afuatane naye kwa mwenye gari na waulize mbele yake: mkataba uko wapi, makato yatahesabiwaje, siku ya kupumzika ni ipi. Mwenye gari asiyeweza kujibu maswali hayo matatu, arudishiwe ufunguo wake. Kwa miezi ya mwanzo kijana akatae pia kubeba mafuta ya petroli, hata madumu machache ya kuuzwa vijijini. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka.

Wamiliki wasio na mfano wa mkataba, katibu wa parokia atakuwa nao ofisini kuanzia Jumanne. Ni kurasa mbili tu za Kiswahili, na si lazima uwe na malori kumi ndipo uje kuzichukua.