Washairi Wataka Nyumba, Si Ukuta wa Kuazima

Jina la Haki Madhubuti ukilisikia utadhani ni la mtu wa Siyu au Vanga. Kumbe ni mshairi wa Chicago, Marekani, aliyezaliwa 1942 akiitwa Don L. Lee, kisha akajipa jina la Kiswahili katika miaka ya 1970. Mwenziwe Johari Amini ni wa huko huko. Mwaka 1967 wao na Carolyn Rodgers walianzisha shirika la uchapaji, Third World Press, kwa dola 400 na mashine ya kurudufia, katika chumba cha chini cha nyumba. Mwaka uliofuata kikazuka kikundi cha maigizo kilichojiita Kuumba. Wenzetu wale wametwaa maneno yetu. Nasi liko la kutwaa kwao.

Lenyewe ni hili la nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1930 watu weusi wa kusini mwa Chicago walitaka mahali pa wasanii wao. Serikali ilikuwa tayari kulipa walimu na matengenezo, lakini jengo walitafute wenyewe. Basi wakachanga. Margaret Burroughs, bado kijana, alisimama njia panda na mkebe akiomba senti kumi kumi kwa wapita njia. Wakanunua nyumba ya kale ya tajiri mmoja wa nafaka, kikafunguliwa South Side Community Art Center, na mwaka 1941 mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, akaja kukizindua rasmi. Humo Gwendolyn Brooks alihudhuria darasa la ushairi. Mwaka 1950 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, kwa diwani yake *Annie Allen*.

Mwaka 1943 fedha ya serikali ilikatika. Vituo vya mpango ule vilikuwa zaidi ya 100 nchini kote, na vingi vilikufa. Hiki hakikufa, kiko hadi leo, kwani nyumba ilikuwa yao.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1967, mji ule ule, wasanii wa jumuiya ya OBAC walichora mashujaa wao juu ya ukuta wa jengo bovu, wakauita Ukuta wa Heshima. Watu walifika makundi kwa makundi kuutazama, mashairi yakasomwa mbele yake. Lakini jengo halikuwa lao. Likaungua 1971, kisha likabomolewa, picha zote zikenda.

Sisi watu wa pwani tumezoea ukuta wa kuazima. Malenga hualikwa arusini, hualikwa mkutanoni mwanasiasa apate kusifiwa, akimaliza hupewa soda na nauli. Akifa, madaftari yake huliwa na mchwa, au humfikia mgeni mwenye kuyajulia thamani. Ndiyo maana mwenye kutaka kuiona miswada ya kale ya tenzi zetu aghalabu hulazimika kwenda London.

Nami sioni haja ya kungoja wizara. Wakfu tunao, tena tangu enzi. Wako watakaosema wakfu ni wa misikiti na makaburi, mashairi ni upuuzi. Hao na waende Lamu, Msikiti wa Riyadha, watazame vitabu vya mkono vilivyoandikwa kuwa ni wakfu. Wazee walijua kuwa kitabu nacho ni sadaka yenye kuendelea, sawa na kisima. Na tenzi zetu ngapi hufungua kwa Bismillahi na kufunga kwa kumsalia Mtume!

Nyumba zilizofungwa Mji wa Kale hazikosekani. Wenyewe wako Ulaya na Ghuba, na popo ndio wapangaji. Mmoja wao akiandika hati kesho, mfagizi na msomaji hawatakosekana.